Samaki wa Mshipi Katika Kipupwe: Maji Maangavu ya Baharini Huanzia Bara

Matini ya mazungumzo kwa wachuuzi wa samaki, wakulima wa kandokando ya mito na viongozi wa kata na vijiji vya Handeni na Korogwe



Kila ifikapo mwezi wa Juni meza za samaki wa baharini katika soko la Manundu na lile la Chanika huanza kupungua. Nguru aliyekuwa akikatwa vipande asubuhi na mapema haonekani tena kwa urahisi, changu huwa wachache, na bei hupanda hadi mama lishe huamua kubaki na maharage. Hapo husikika maneno kwamba bahari imekauka au kwamba samaki wamehama. Maneno hayo hayana ukweli. Samaki wapo. Kilichobadilika ni upepo, na pamoja na upepo imebadilika njia ya kuwapata.

Upepo wa kusi huanza kuvuma baada ya masika na hufikia ukali wake kati ya Juni na Agosti. Maji ya bahari hupoa, kutoka karibu nyuzi 29 za mwezi wa Machi hadi karibu nyuzi 25 mwezi wa Agosti. Mawimbi ya nje ya miamba huwa makubwa na mkondo wa bahari uelekeao kaskazini huenda kwa kasi. Ngalawa na madau madogo ya Tanga, Kigombe na Pangani hayawezi kukabili hali hiyo kila siku, kwa hiyo wavuvi hubaki ndani: katika ghuba, nyuma ya visiwa vya Yambe na Karange, kwenye milango ya miamba na midomo ya mito. Uvuvi wa kipupwe ni uvuvi wa karibu na nchi kavu, na mvuvi anayefanikiwa humo mara nyingi si mwenye wavu mkubwa bali ni mwenye mshipi, ndoana na chambo kisicholiwa.

Chambo hicho ndicho kiini cha mazungumzo haya, kwa sababu hakuna chombo cha uvuvi kinachotegemea zaidi hali ya mito ya Korogwe na Handeni kuliko chambo bandia.

Mtazameni mvuvi wa Kigombe katika alfajiri ya mwezi wa Julai. Anatoka gizani, wakati upepo wa umande unapotoka nchi kavu na bahari imelala. Hana ndoo ya dagaa wa chambo. Ana mishipi miwili ya nailoni iliyozungushwa kwenye vipande vya ubao, na mwishoni mwa kila mshipi ipo ndoana iliyofungwa manyoya meupe ya kuku, au nyuzi zilizochambuliwa kutoka kwenye kiroba cha salfeti, pamoja na kipande cha karatasi inayong'aa. Mbele ya ndoana ameweka waya mfupi, kwa kuwa nguru hukata nailoni kama mkasi ukatavyo uzi. Ukikiona chambo hicho mkononi utadhani ni takataka. Kikiingia majini na kuvutwa, manyoya hulala na kunyanyuka, karatasi humetameta, na samaki mwindaji aliye chini humwona kibua mdogo aliyejeruhiwa anayekimbia kuokoa roho yake.

Namna hiyo ya kuvua huitwa kurambaza. Mishipi hutupwa nyuma ya chombo na kukokotwa, na kasi ndiyo inayokipa chambo uhai. Chombo kikienda polepole mno, manyoya hunyong'onyea na samaki hutambua udanganyifu. Kikienda mbio kupita kiasi, chambo huruka juu ya maji. Hapa kusi, ambayo ilimnyima mvuvi bahari kuu, humlipa fidia: saa mbili au saa tatu asubuhi upepo unapoanza kushika, tanga la ngalawa huivuta kwa mwendo uufaao mshipi, bila lita hata moja ya petroli. Mvuvi hupita na kurudi kwenye ukingo wa mwamba, mshipi mmoja ukiwa umefungwa kwenye chombo na mwingine ukipita kwenye kidole chake cha gumba. Kidole hicho hujua mengi. Hutofautisha jani la baharini lililonasa, mzia mdogo anayegonga na kuacha, na kolekole ambaye akishika huelekea chini kwa nguvu kama mzigo uliodondoka kisimani.

Si kila mvuvi hukokota. Wapo wanaosimama juu ya mwamba maji yanapokupwa, wakatupa chambo chenye chubwi ya risasi na kukivuta kwa mikono, pima kwa pima, mahali maji ya mkondo yanapokutana na maji yaliyotulia. Kolekole hupenda mahali hapo kwa sababu samaki wadogo waliokuwa juu ya matumbawe hulazimika kutoka kwa mlango mmoja maji yanapopungua. Siku za bamvua mkondo huwa mkali na mlango hujaa windo. Siku za maji mafu mvuvi hungoja sana. Wanaotafuta ngisi nao wana chambo chao, kilichochongwa mfano wa kamba na kuzungushiwa miiba midogo mkiani badala ya ndoana moja. Ngisi hakiumi chambo hicho kama samaki aumavyo. Hukikumbatia, na kukumbatia huko ndiko kunakomponza.

Ufundi wa kumdanganya samaki kwa manyoya si wa pwani ya Tanga peke yake, wala si wa jana. Mwandishi wa Kirumi Claudius Aelianus aliandika, zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, kuhusu watu wa Makedonia waliofunga sufu nyekundu na manyoya kwenye ndoana ili ifanane na mdudu anayeelea mtoni. Watu wa visiwa vya Pasifiki walichonga chambo cha jodari kutokana na gamba la chaza ling'aalo. Siku hizi wapo wavuvi wa burudani wanaorusha baharini chambo chepesi cha manyoya, wanachokiita nzi, kwa fimbo ndefu na mshipi mzito, kwa kuwa nzi mwenyewe hana uzito wa kumpeleka mbali. Katika kusi kazi hiyo ni ngumu, upepo humrudishia mtu nzi wake shingoni, na ndiyo maana hufanywa nyuma ya mikoko au upande wa kisiwa uliokingwa. Mvuvi wa Kigombe na mgeni mwenye fimbo ya fedha nyingi hutofautiana kwa kila kitu isipokuwa jambo moja: wote wawili wanamtegemea samaki aone.

Samaki wa chambo cha nyama anaweza kukifuata kwa harufu katika maji machafu na hata gizani. Chambo cha manyoya hakina harufu wala ladha. Kinachokiuza ni mmeto na mwendo wake. Maji yakiwa maangavu, kolekole hukiona kutoka mbali na kukijia kwa kasi bila kupata nafasi ya kukikagua. Maji yakichafuka kwa udongo, chambo hupita juu ya mgongo wake naye asijue. Wavuvi hubadili rangi, huacha nyeupe wakatumia nyeusi ili angalau umbo lionekane, lakini yapo maji ambayo hayana rangi ya kuyashinda. Hayo ni maji ya rangi ya chai ya maziwa, na wakazi wa Korogwe wanayafahamu vyema, kwa kuwa hupita chini ya daraja lao kabla hayajafika baharini.

Mto Pangani hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru. Hata hivyo, mchanga na tope la huko juu kwa sehemu kubwa hutua katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako maji husimama na mzigo wake huzama. Maji yanayotoka bwawani huanza safari upya yakiwa mepesi. Kwa hiyo udongo mwingi unaoonekana mtoni chini ya bwawa hilo haukutoka Moshi wala Arusha. Umeingia njiani: kupitia Mkomazi, kupitia Luengera unaoteremka kutoka Usambara na kujiunga na Pangani hapa Korogwe, na kupitia vijito visivyo na majina kwenye ramani, vinavyopita katikati ya mashamba ya mahindi yaliyolimwa hadi kwenye ukingo. Upande wa Handeni upo Mto Msangasi, ambao hukauka na kufurika kwa zamu na kwenda kumwaga mzigo wake baharini kusini mwa mji wa Pangani.

Wakati wa masika mto kuchafuka ni jambo la kawaida, na mvuvi wa mshipi hulitarajia. Hesabu yake ni kwamba masika yakiisha mwezi wa Mei, mto utatulia mwezi wa Juni, na maji ya mdomoni yataanza kung'aa. Kinachomvurugia hesabu hiyo ni mvua za mchoo. Hizi ni mvua ndogo za kipupwe ambazo mkulima huzishukuru kwa ajili ya maharage yake. Katika mteremko wenye majani, mvua ya mchoo huingia ardhini na mto haujui kwamba imenyesha. Katika mteremko uliopigwa jembe hadi kwenye maji, mvua hiyohiyo huchukua tabaka la juu la udongo, na baada ya muda mfupi rangi yake huonekana Hale, kisha Pangani mjini, kisha baharini kama kitambaa cha kahawia kilichotandikwa juu ya kijani. Mkizi wadogo hubaki ndani yake. Kolekole waliokuwa wakiwinda mkizi hao husogea nje, na nje ni kusi. Mvuvi hukunja mshipi wake na kurudi nyumbani.

Hasara hiyo haimhusu mvuvi peke yake. Udongo unaoonekana baharini mwezi wa Julai ni mbolea ya mkulima iliyoondoka bila kulipiwa. Ni udongo unaosumbua pia mitambo ya umeme ya Hale na Maporomoko ya Pangani. Tena ukitua juu ya matumbawe na majani ya bahari huyanyima mwanga, na humo ndimo wanamokulia samaki ambao mvuvi angewavua miaka ijayo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 ni nyingi kwa mwenye ekari moja ya bondeni, na ni vema jambo hilo lisemwe wazi. Wapo wananchi ambao shamba lao lote limo ndani ya mita hizo, na walilirithi kabla sheria haijatungwa. Kuwafukuza kwa tangazo la ubaoni si huduma. Kilicho ndani ya uwezo wa kila kijiji kuanzia msimu huu ni kuacha ukanda wa matete na majani mita chache kutoka majini usiguswe na jembe wala moto, kulima kwa kukinga mteremko badala ya kuufuata, na kupanda majani ya tembo kwenye kingo za matuta, ambayo ng'ombe nao watayapokea. Maafisa ugani wa kata wanafundisha kazi hiyo bila malipo, na kupima makinga maji kwa fremu ya miti mitatu na kamba yenye jiwe ni somo la asubuhi moja.

Inafaa ikumbukwe kwamba Korogwe si mgeni katika elimu ya samaki. Mwaka 1955 mtaalamu Rosemary Lowe alipoeleza aina za perege wa mto huu, mmoja alimwita kwa jina la Korogwe, na hadi leo vitabu vya sayansi duniani kote vinamwandika Oreochromis korogwe. Ni miji michache ya Tanzania iliyopata heshima hiyo, na mingi kati yake haijui kuuza perege kama Manundu.

Upo upande wa pili wa jambo hili, nao unamhusu anayenunua.

Mvuvi wa mshipi anaposhindwa kwa sababu ya maji machafu au upepo, nafasi yake sokoni haibaki wazi. Yapo mazao ya uvuvi yasiyohitaji samaki aone chochote. Uvuvi wa baruti ulianza kusumbua pwani ya Tanzania tangu miaka ya 1960, na pwani ya Tanga ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa, wachanga na mayai kwa pamoja, na wengi wao huzama wasiokotwe. Mwamba uliovunjika huchukua miongo kurudi. Mwaka 2015 Serikali iliunda kikosi kazi kilichounganisha vyombo mbalimbali vya dola dhidi ya uhalifu wa mazingira, na katika miaka iliyofuata milio ya baruti ilipungua sana. Kupungua si kukoma. Aidha, baruti hazichimbwi baharini. Hutoka katika migodi, machimbo ya mawe na kazi za ujenzi, yaani bara, na yeyote anayejua kwamba baruti za kazi zinauzwa kwa mlango wa nyuma anajua pia habari za bahari, hata kama hajawahi kuiona.

Samaki wa baruti hutambulika, ilimradi aonwe akiwa mzima na mbichi. Akipasuliwa, damu huwa imevia tumboni na kandokando ya uti wa mgongo, mfuko wa hewa umepasuka, na mara nyingi uti wenyewe umevunjika au umeachana na nyama. Akishikwa mkiani na kuinuliwa hulegea kama kitambaa. Huoza upesi, hata barafu haimsaidii kwa muda mrefu. Samaki wa mshipi ni kinyume chake. Alipandishwa chomboni peke yake akiwa hai, ana jeraha la ndoana mdomoni, nyama yake hurudi ikibonyezwa kwa kidole, na matamvua yake ni mekundu. Mchuuzi aliyezoea hahitaji dakika moja kuwatofautisha.

Tatizo ni kwamba samaki wengi wa baharini hawafiki Handeni wakiwa wabichi. Kutoka Tanga hadi Korogwe ni kilomita zisizofika 100, na barafu inaweza kuvumilia. Kwa vijiji vya ndani ya Handeni njia ndefu na joto la gari huamua vinginevyo, hivyo samaki huja amekaangwa au amefanywa ng'onda. Mafuta ya moto huficha damu iliyovia, na chumvi huficha harufu. Dalili inayosalia ni uti. Samaki wa kukaanga anayemeguka vipande katikati, mfupa ukiwa umevunjika tangu zamani na nyama iliyouzunguka ikiwa nyeusi, anastahili kuulizwa alikotoka. Mchuuzi aelewe kwamba Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 haimwandami aliyetega baruti pekee. Kuwa na samaki wa namna hiyo na kuwauza ni kosa pia, na kusema kwamba walinunuliwa Tanga hakumwondolei mtu kosa hilo.

Kwa hiyo mchuuzi anayeagiza mzigo kwa simu ana sababu ya kumuuliza wakala wake swali jepesi: ni wa mshipi, wa wavu au wa nini? Wapo wachuuzi watakaosema swali hilo halina faida kwa kuwa mteja hutazama bei tu. Yamkini ni kweli katika mwezi wa Februari, samaki wakiwa tele. Katika kipupwe mambo huwa tofauti. Mzigo ni mdogo, bei imekwisha kupanda kwa wote, na samaki anayekaa siku moja zaidi bila kuharibika ndiye anayerudisha mtaji. Mama lishe aliyewahi kutupa nusu ya ndoo kwa sababu samaki waliiva wakasambaratika hahitaji kushawishiwa.

Wapo vijana wa Korogwe na Handeni wanaoshuka pwani kutafuta kazi ya uvuvi wakati mashamba yamepumzika. Hao wakumbushwe kwamba mvuvi na chombo vyote huhitaji leseni, na kwamba mwaloni ni mahali pa kujitambulisha kwa kikundi cha usimamizi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, kabla ya kugusa chombo cha mtu. Wakumbushwe pia kwamba mtu aliyelelewa Ngombezi au Magoma haendi mikono mitupu. Mkonge uliingizwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na miche 62 iliyosalia hai baada ya safari kutoka Florida ilipandwa Kikogwe, karibu na mdomo wa mto huuhuu. Singa zake nyeupe, zikichanwa vizuri na kufungwa nyuma ya ndoana, hucheza majini vizuri kama unyoya, na huoza zikipotea, jambo ambalo nyuzi za kiroba haziwezi. Gharama yake ni kuinama na kuokota.

Wananchi watakaoona tope jipya likiingia mtoni siku isiyo na mvua, au shamba jipya likifyekwa ndani ya ukingo, watoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, wakitaja mahali na siku. Taarifa za samaki wanaotiliwa shaka zipelekwe kwa afisa uvuvi au afisa afya aliye sokoni kabla mzigo haujagawanywa, kwa sababu ukishaingia katika masufuria ishirini hakuna cha kupima. Ni vizuri samaki mmoja abakizwe akiwa mzima, hajakatwa wala kukaangwa.

Mvua za mchoo za mwaka huu zitakapoanza, mvuvi wa Kigombe atatoka gizani kama kawaida yake, na kabla ya kutupa mshipi atachovya kasia na kulitazama ncha yake ndani ya maji. Akiiona, atafungua manyoya yake meupe. Asipoiona, atageuza ngalawa, na siku inayofuata meza za Manundu na Chanika zitakuwa na nafasi tupu kwa ukubwa uleule.